Tulivyochelewa Kiwengwa

Nyote mnaniuliza jambo moja: ilikuwaje watu wawili wazima, wenye vespa nzima na tangi lililojaa mafuta, wakatoka Mkunazini asubuhi na kuingia Kiwengwa jua limeshazama? Ni kweli, Unguja si nchi ya kupotelea. Lakini nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila mmoja wenu anaondoka na kipande chake na kukitia pilipili, hata juzi nimesikia sokoni kuwa tulipata ajali na Mjomba amekatwa mguu. Mjomba ana miguu yake yote miwili. Haya ndiyo yaliyotokea.

Kwa asiyemjua, Mjomba Nassor ni kaka yake mama. Ana duka la vitasa na bawaba, na ni mtu wa mazoea: mkate ule ule asubuhi, kahawa ya baraza ile ile, na nyumbani kiti kile kile. Jioni moja alirudi kutoka kusali magharibi. Taa hakuwasha, kwa sababu nyumba yake anaijua. Akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chake, na kiti hakikuwapo. Mkewe, Bi Mize, alikuwa amekihamishia dirishani mchana ule, baada ya kukitazama mahali pamoja kwa miaka ishirini na ushei. Mjomba akakaa sakafuni kwa kishindo. Bi Mize akacheka. Mjomba, akiwa bado chini, akatamka talaka.

Ilikuwa ya pili, na Bi Mize akarudi kwao Kiwengwa. Ya kwanza, miaka mingi nyuma, ilisababishwa na pazia. Ile mara ya kwanza alikwenda Kiwengwa kwa wakwe zake, akasimama mlangoni, akasema, "Mize, nimekurejea, chukua mkoba wako," na Bi Mize akachukua mkoba. Kwa mliosahau ya madrasa: talaka mbili za mwanzo, mume anaweza kumrejea mke kabla eda haijesha. Neno moja tu linatosha, na mke haulizwi. Eda ikisha, neno hilo halifai kitu. Mwanamume akimtaka tena, akapose upya kama mtu yeyote, na mwanamke ana haki ya kusema hapana.

Kwa mwanamke wa umri wa Bi Mize eda ni miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa inatimia siku ile ya safari yetu, magharibi. Bibi, yaani mama yake Mjomba, aliliona suala zima kama basi linaloondoka. Akaniita.

"Raya!"

"Naam, Bibi."

"Utakwenda na mjomba wako Kiwengwa. Kabla ya magharibi awe ameshalitamka."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe unauliza mno. Basi muulize mpaka afike."

Mnanijua. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilibishana juu ya neno hilo na darasa zima, na mwalimu wake. Lakini Bi Mize ndiye aliyenifundisha kusuka ukili na kumjibu mtu mzima bila kuonekana mtovu wa adabu, na nyumba ile bila yeye ilikuwa inanuka kitasa. Sikulitaka neno, na nilitaka arudi. Nikapanda vespa na mambo yote mawili.

Mkunazini mpaka Darajani

Ni mwendo wa kumaliza kipande cha kashata. Sisi tulikula asubuhi nzima.

Kwanza Mjomba alifunga duka, akafungua kuhakikisha kama amelifunga, akafunga tena. Kisha akamsalimia kila mtu aliyekaa barazani, na mnajua baraza zetu zilivyo. Mtu huwezi kumsalimia nusu.

"Nassor, nasikia leo ndiyo leo," akasema mmoja wao, mzee wa kahawa. "Unakwenda kurejea au kurejeshwa?"

"Nnakwenda kutembea," Mjomba akajibu.

"Na kanzu ya Idi?"

"Jua kali, nguo nyeupe haivuti joto."

Baraza likacheka mpaka paka wakaondoka. Mimi nilikuwa nimeshavaa helmeti, nasubiri kama yai kwenye trei.

Darajani Mjomba akasema lazima anunue kofia mpya. Alijaribu kofia, wallahi, kama anayechagua kichwa. Muuzaji akachoka, akamwambia, "Mzee, tatizo si kofia." Mjomba akanunua ile ya kwanza aliyoijaribu. Halafu akahisi njaa, tukala urojo tumesimama, na akaomba bakuli la pili, yeye ambaye husema urojo ni chakula cha watoto wa skuli.

Nilidhani ni woga. Niliona nishamwelewa: mwanamume aliyezoea kurudishiwa mambo kama yalivyokuwa, anaogopa kutazamwa usoni na mwanamke aliyemuudhi. Nikaamua kumhurumia huku nikimsukuma.

Darajani mpaka Dunga, kwa njia isiyo yetu

Njia ya Kiwengwa hata mtoto anaijua: Mtoni, Bububu, Mahonda, Kinyasini, halafu unashuka pwani. Mjomba akakata kulia kuelekea Mwera.

"Mjomba, huku ni Chwaka!"

"Chwaka na Kiwengwa si pwani moja?"

"Moja, lakini tutazunguka!"

"Njia ya huku ina kivuli."

Nikamwambia kivuli hakina uhusiano wowote na eda. Akajifanya upepo umemziba masikio.

Mwera tulipita salama. Dunga ndiko mambo yalikoharibika. Mbele ya nyumba moja kulikuwa na wanaume wamekaa mkekani, kimya, vichwa chini. Mjomba akashika breki.

"Msiba huo. Haipendezi kupita tu."

"Unawajua?"

"Msiba haujuliwi, unaendewa."

Akavua viatu, akatoa salamu, akakaa na kumwinamia mzee aliyekaa jirani yake. Mimi nilisimama karibu na wanawake, lakini nilisikia kila kitu.

"Nani aliyetutoka?"

"Bi Mkubwa," akajibu mzee. "Jana alasiri."

"Inna lillahi. Aliumwa?"

"Muda mrefu. Alikuwa akikohoa, halafu akaanza kutapika matope."

"Matope! Subhanallah."

"Tukamleta mtu kutoka mjini amtazame. Akasema huyu hana maisha tena, tutafute mwengine."

Mjomba akatikisa kichwa kusikitikia ukatili wa watu wa mjini. Akainua mikono, akaanza Fatiha kwa sauti ya kulia. Wale wanaume wakatazamana, kisha nao wakainua mikono, maana nani anayekataa dua? Alipomaliza akauliza, "Na mazishi saa ngapi?"

Hapo kijana mmoja akainuka, akakimbilia nyuma ya nyumba, tukamsikia akicheka kama anayesongwa na kitu. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alikuwa ameshaniambia. Bi Mkubwa ni pampu ya kisima. Wameiita hivyo kwa sababu ikigoma, kijiji kizima kinaibembeleza. Walikaa pale wakingoja gari la kuja kuitoa.

Mngekuwa nyinyi mngeomba radhi na kuondoka. Mjomba aliombwa kubaki ale, akabaki. Wakaleta mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Walipojua ana duka la vitasa wakaona ni mtu wa chuma, wakamwomba aitazame pampu, na Mjomba, ambaye hajui maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, akaenda kuitazama. Akaitazama mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Akasali nao. Akarudi na kuwaambia, "Kweli, amekufa."

Simu ikalia. Bibi.

"Mko wapi?"

"Dunga, Bibi."

"Dunga! Kiwengwa imehamia huko?"

"Mjomba alikuwa msibani."

"Nani kafa?"

Nikamwambia simu inakatika.

Dunga mpaka Chwaka

Chwaka Mjomba akasema hawezi kuendelea bila kula. Nikamkumbusha mihogo. Akasema mihogo ni ya kumridhisha mwenyeji, si chakula. Tukakaa kwa mwanamke mmoja anayepika karibu na soko la samaki, wali wa nazi na mchuzi wa changu, na pweza pembeni. Mwanamke akaitazama kanzu ya Mjomba, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Maashallah. Fungate?"

"Ni mjomba wangu," nikasema.

"Eee. Wote husema hivyo."

"Mama yangu na yeye tumbo moja!"

"Sawa, mwanangu, mie napika tu." Akamwongezea Mjomba kipande cha pweza na kumkonyeza.

Pale ndipo nilipomuuliza, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Nikamuuliza nini kitakuwa tofauti safari hii. Akamrejea, vizuri, halafu? Bado talaka moja. Kiti kikihama tena, je?

Mjomba akachomoa mwiba mdomoni, akaufikiria.

"Toka aondoke, kila siku mie nahamisha kitu kimoja nyumbani," akasema. "Kitu kimoja tu. Saa. Mtungi. Juzi nilihamisha kabati, jana usiku nikaligonga kwa goti."

"Ukafanyaje?"

"Nikalitukana. Lakini sikulirudisha."

Nilicheka sana, na yeye akakasirika kidogo. Nikamwambia kwa ukweli wangu wote: mtu wa hamsini na kitu habadiliki, anahamisha samani. Nilikuwa nimejiandaa anijibu. Yeye alinawa mikono, akajinyoosha kwenye jamvi la yule mama, akafunika uso kwa kofia mpya, akalala. Usingizi kabisa, wa kukoroma, jua likiteremka.

Nilimwamsha mara nyingi. Yule mama akaniambia, "Mwache mume wako apumzike."

Chwaka mpaka Pongwe

Alasiri ilikuwa imeshapita tulipoondoka. Nilikuwa nimekasirika, na barabara ile ya pwani, Marumbi, Uroa, ilikuwa nzuri mno, jambo lililonikasirisha zaidi. Maji yalikuwa yametoka mbali. Wanawake walikuwa wanarudi na magunia ya mwani vichwani, wakitusalimia, na Mjomba akisimamisha vespa kumjibu kila mmoja.

Karibu na Pongwe akasema anahisi tairi. Tukasimama. Palikuwa na kibanda cha mtu anayeuza mkate wa ufuta, na mimi nikaenda kununua, maana hasira inataka kitu cha kutafuna. Nilipogeuka nikamwona Mjomba amechuchumaa nyuma ya vespa, kanzu ameikusanya mapajani, ana njiti ya kiberiti mkononi. Tairi linapiga mluzi.

"Mjomba! Unafanya nini?"

Akaruka. "Nalipumzisha."

"Unalitoa upepo!"

"Upepo mwingi. Joto."

Nikakaa chini mchangani. Ndipo vitu vyote vikajipanga kichwani mwangu: kofia, urojo, njia ya Mwera, pampu, usingizi wa jamvini. Siku nzima nilikuwa nikimsukuma mtu anayejikawiza kusudi, nami nikidhani ni woga.

"Hutaki kumrejea," nikasema. "Basi si ungebaki nyumbani?"

Mjomba akakaa karibu yangu. Hakuwa na uso wa mtu mwenye hekima yoyote. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshikwa na njiti.

"Nikibaki nyumbani, Mize ataona sikumtaka. Nikiwahi, nimemchukua. Mara ile nilimwambia chukua mkoba, akachukua. Hata sikumtazama alivyouchukua. N'nataka nije, aone nimekuja, na asiwe na lazima."

"Na akikataa?"

"Ndiyo hilo nililokuwa nikilifikiri tangu Darajani."

"Unaweza kumkosa, Mjomba. Kabisa."

"Najua."

Ningependa kuwaambia kuwa mimi, niliyeyasema hayo darasani kwa miaka, nilishangilia. Sikuweza. Darasani anayekosa alikuwa mtu wa mfano. Hapa alikuwa mjomba wangu, na aliyekuwa akikosekana ni Bi Mize.

Simu ikalia. Mkono wangu ulikuwa na ufuta, nikaibonyeza vibaya, sauti ya Bibi ikatoka hadharani mpaka kwa muuza mkate.

"Mmefika?"

"Tuna pancha, Bibi. Pongwe."

"Pancha ya nani?"

"Ya tairi."

"Basi sikilizeni, jua bado lipo. Si lazima amwone. Atamke hapo hapo, nimeshamuuliza shekhe! Wewe shahidi, na mtu mwengine yeyote aliye hapo shahidi. Nani yupo hapo?"

"Mie muuza mkate, Bibi," akasema muuza mkate. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, kaa karibu. Nassor! Sema, baba. Sema nimemrejea mke wangu. Maneno matatu tu!"

Hapo ndipo nilipoiona rejea kwa mara ya kwanza, miaka yote ile niliyoibishia. Mchanga, tairi lililolala, muuza mkate anafuta mikono kwa heshima ya ushahidi. Na kule Kiwengwa mwanamke labda anatia maji kwenye birika, hajui kama atayamimina akiwa mke wa mtu au la.

Mjomba akafungua mdomo. Nawaambia, aliufungua. Mdomo ule haujawahi kumtii. Umeshamtolea talaka mbili kabla hajafikiri. Nikaona neno linakuja. Na yeye pia aliliona, kwa sababu alininyang'anya mkate wa ufuta, mzima, akausokomeza wote kinywani.

"Nassor? Anasema nini? Raya, anasema nini?"

"Anatafuna, Bibi."

"Anatafuna nini saa hizi?"

"Mkate."

"Mkate?"

Macho yalikuwa yanamtoka. Muuza mkate akampa maji, Mjomba akayasukuma kando, maji yangeteremsha. Akaendelea kutafuna, taratibu, mashavu yamejaa, machozi yanamtiririka, sijui ya ufuta au ya nini, na Bibi anaita jina lake kwenye kiganja changu. Tukakaa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya minazi na msikiti wa Pongwe ukaadhini. Hapo akameza.

Bibi akasema, "Haya. Nyinyi wawili mtakuja kunieleza," akakata simu.

Muuza mkate akauliza kwa upole, "Sasa ushahidi wangu?"

"Ulishuhudia," nikamwambia.

Akatuazima pampu ya mkono. Tulisali, tukajaza tairi, tukaondoka.

Kiwengwa

Kaka yake Bi Mize, Mzee Makame, alikuwa kibarazani na taa. Alinibusu kichwani, akampa mkono Mjomba, akamtazama kwa huzuni ya kweli.

"Shemegi, umechelewa. Eda imekwisha."

"Najua. Nimekuja kuposa."

Uso wa Mzee Makame ukabadilika, ukawa uso wa mtu asiyetujua.

"Mposaji haingii," akasema. "Mposaji hutuma watu. Mshenga wako nani?"

Mjomba akageuka. Nami nikageuka, kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Ndivyo mimi, mpinzani wa ndoa kwa hoja na vielelezo, nilivyoingizwa ndani kwenda kuposa. Mjomba aliachwa nje, kwenye baraza chini ya dirisha, dirisha wazi. Ndani walikaa Mzee Makame, mkewe Bi Mwanahija, na ndugu zao wawili wanaume walioitwa mbio kutoka nyumba ya pili. Bi Mize alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Sote tulijua, na sote tulijifanya hayupo.

"Karibuni, wageni," akasema Mzee Makame, ambaye nimekula kwake tangu sijaota meno. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Wa mjini."

"Mna haja gani?"

Nilijua inavyosemwa. "Tumeona ua kwenye bustani yenu. Tumekuja kuomba kulichuma."

"Ua lipi? Tuna maua mengi."

"Bi Mize."

"Hilo si lilishachumwa?"

"Likarudishwa."

"Na nani?"

"Na... huyo huyo."

"Alilirudisha kwa nini?"

Niliutafuta ulimi wangu wa chuoni, ukanikimbia. "Kiti," nikasema.

Ndugu mmoja akaangalia darini kwa nguvu. Bi Mwanahija akajiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani.

"Na huyo kijana wenu ana umri gani?"

"Hamsini na nne."

"Na tatu!" sauti ikatoka dirishani.

"Kijana anyamaze!" Mzee Makame akafoka. "Ana tabia gani?"

Ningeweza kumsifu, ndiyo kazi ya mshenga. Lakini pazia lile lilikuwa limetulia mno. Nikasema, "Ana hasira za haraka na akili za kuchelewa. Lakini leo alichelewa kwa makusudi. Alitoka asubuhi. Aliwahi kila mahali isipokuwa hapa." Nikawaeleza yote: pampu, njiti, mkate. Walicheka mpaka kwenye mkate. Kwenye mkate waliacha kucheka.

Bi Mwanahija akaitwa chumbani. Tukasikia mnong'ono. Akarudi, akasimama katikati ya chumba.

"Mwenyewe anauliza: akikataliwa, atafanya nini?"

Mshenga hasemi asichotumwa. Nikaenda dirishani.

"Mjomba, umesikia?"

Mjomba akainua uso dirishani.

"Mwambie ntaumia," akasema. "Nisimdanganye. Halafu ntapanda vespa yangu niende zangu. Na siku nikikutana naye njiani ntamwamkia vizuri, niulize hali, nipite."

Hakukuwa na haja ya mtu kuupeleka ujumbe, lakini Bi Mwanahija aliupeleka, hatua kwa hatua, kama sahani iliyojaa. Akakaa huko ndani. Akarudi.

"Anasema amesikia."

"Na jibu?" nikauliza.

"Jibu ni kwamba amesikia. Posa haijibiwi siku moja, mwanangu. Hukufundishwa?"

Mzee Makame akapiga magoti yake kwa viganja, akainuka, akawa yeye tena. "Haya, posa imekwisha. Shemegi! Ingia ule, wali unapoa." Lakini Mjomba hakuingia. Alisema hana haki ya nyumba ile kwa sasa. Akaletewa sahani pale pale barazani, na tulilala kwa jirani. Asubuhi, tukipita mbele ya nyumba, Bi Mize alikuwa uani anafunga kamba za mwani pamoja na wanawake wenzake. Mjomba akapunguza mwendo, akasema, "Asalaam alaikum," akapita. Hakugeuka nyuma. Vespa iliyumba kidogo.

Kurudi mjini

Tulirudi kwa Kinyasini, Mahonda, Bububu. Hata kiu hatukuipata.

Hapo ndipo wengi wenu mliponikuta na kuniuliza, nikawajibu "bado", mkanitazama kama nawaficha. Sikuwaficha. Zilipita siku, na kila siku Mjomba alikuja kwa Bibi kuuliza kama kuna simu. Bibi hakuzungumza naye kwa muda. Halafu akaanza kumpa chai, bila maneno.

Kisha simu ikaja, kwangu.

"Raya."

"Naam, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mshenga?"

"Mie ndiye."

"Basi nakwambia wewe, maana ndiyo utaratibu. Wenzangu wamenigawia sehemu yangu ya mwani huku. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, ntakuwa Kiwengwa, kazini. Siku nyengine ntakuwa mjini, kwake. Akiliweza hilo, nimekubali."

Nilipiga kelele, Bibi akatoka jikoni na mwiko.

"Nimwambie sasa hivi?"

"Hata. Mwambie kesho," akasema Bi Mize, na nilisikia anatabasamu. "Miaka yote amelala akijua jibu langu. Mwache alale siku moja hajui."

Jioni Mjomba akaja.

"Jibu limekuja?"

"Kesho, Mjomba."

"Kesho ndiyo litakuja, au kesho ndiyo utaniambia?"

"Kesho."

Akanikazia macho, akamkazia macho Bibi, aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi na chungu kitupu. "Nikimpigia mwenyewe?"

"Mposaji hapigi simu. Mposaji anasubiri."

"Ewallah," akasema, na hakusogea. Kisha akatoka kwenda kusali. Akafika mlangoni, akarudi kuvaa viatu, akatoka tena amevaa makubadhi ya Bibi, visigino vyake vinaning'inia nje. Bibi alimfuata mpaka kizingitini, akamtazama akishuka kichochoro kwa hatua ndogo ndogo, kofia mpya kichwani.

"Unajua," akaniambia, "ile mara ya mwanzo, alipokuwa kijana, hakuposa. Tulimposea sisi. Tukamwambia tu, Ijumaa unaoa." Akaendelea kumtazama mpaka akakata kona. "Masikini mwanangu. Hii ndiyo posa yake ya kwanza."